MIZANI IKO MIKONONI MWA NANI?
Historia fupi ya biashara kubwa zilizopita jirani yetu, na somo lake kwa kikundi chetu



Mtu akitamka neno "kampuni", wengi wetu hapa Simbo tunafikiria ghorofa la Dar es Salaam, bwana mmoja kwenye kiti cha kuzunguka na gari jeupe linalomsubiri nje. Hatufikirii sanduku letu la chuma lenye kufuli tatu. Lakini tukae tulitazame vizuri sanduku hilo. Lina mtaji, ambao ni hisa zetu. Lina viongozi tunaowachagua kwa kura, lina kanuni, lina wadaiwa, na mwisho wa mzunguko lina faida inayogawanywa. Hiyo ndiyo kampuni, hata kama ofisi yake ni kivuli cha mwembe.

Tunalisema hilo mapema kwa sababu jambo kubwa liko mbele yetu. Katika mkutano mkuu ujao tutapiga kura: je, tununue mashine ya kukamua mawese au tusinunue? Kwa miaka yote kumi sisi tumekuwa upande wa muuzaji. Tumebeba chikichi kichwani, tumebeba madumu ya mafuta mpaka barabarani, tumesimama mbele ya mnunuzi na kupokea bei aliyoitaja yeye. Mashine ikija, tutaanza kununua chikichi za jirani zetu. Mizani itahama. Itatoka mikononi mwa mgeni itaingia mikononi mwetu.

Kabla ya kuipokea mizani hiyo, tumeona ni vema kijitabu hiki kikumbushe namna wengine walivyoishika. Siku hizi viongozi wa makampuni wanazungumza sana juu ya mipango ya muda mrefu na wajibu wa kampuni kwa jamii. Maneno ni mazuri. Ila historia ya pande zetu inaonyesha kwamba wajibu huo una mahali pake pa kupimiwa, na mahali penyewe si pale wanapokabidhi zawadi huku picha zikipigwa.

SHANGA ZA SOKO LA UJIJI

Tuanzie hapo jirani, Ujiji. Mwezi Februari 1874 alifika hapo msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, akaandika aliyoyaona sokoni. Fedha iliyotumika sana ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, ambazo kwa kuzitazama zilifanana na vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Ukija na shanga za aina nyingine, au na kitu kingine cha thamani, hukuweza kununua kitu moja kwa moja. Soko linapofunguliwa walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi. Hao ndio waliokubadilishia. Soko likifungwa, walewale walizirudisha sofi zao kutoka kwa wauzaji, kwa kuwabadilishia tena. Cameron akasema walipata faida mara mbili: wakati wa kutoa, na wakati wa kupokea.

Hebu tufikirie mama aliyetembea na mawese yake au samaki wake mpaka soko lile. Hakuibiwa na mtu. Bei alikubali mwenyewe. Lakini thamani ya jasho lake ilipita mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa na mwenyewe. Tusisahau pia kwamba Ujiji hiyohiyo ilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na binadamu nao walitiwa bei. Soko linaweza kuwa na utaratibu mzuri kabisa na bado likawa na dhuluma ndani yake.

Somo la kwanza tunalichukua hapo. Anayeshika kipimo, kiwe shanga, debe, kilo au riba, ana nguvu kuliko anayeshika mali. Ndiyo maana akiba na mikopo yetu tuliiweka katika sanduku letu wenyewe. Mtindo huu wa wanawake kuweka akiba kwa hisa na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, shirika la CARE lililianzisha mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, kisha ukaenea nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo. Riba tunayolipa inarudi kwetu siku ya mgao. Mbadilisha shanga na mwenye shanga wamekuwa mtu mmoja.

VIPANDE VYA MANAMBA

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wazee wetu waliiona ikileta bidhaa, na wakaiona pia ikichukua watu. Mkonge ulikuwa umeingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika enzi ya Mwingereza ukawa zao kubwa la biashara kuliko yote ya Tanganyika. Mashamba yalikuwa Tanga, Morogoro na kwingineko upande wa mashariki, lakini mikono ya kuyalima ilitafutwa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU, na Buha ikawa mojawapo ya sehemu zilizotoa watu wengi. Vijana wa Kasulu, Kibondo na Kigoma walipanda treni, wengine wakishukia Morogoro, wengine wakafikishwa mpaka Tanga. Kila mmoja alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba.

Malipo yao yalikuwa kwa kipande. Kibarua alipangiwa kazi ya siku. Akiimaliza, siku yake ilitiwa alama kwenye kadi. Alama 30 zikitimia ndipo anapata mshahara. Siku aliyoumwa haikuhesabiwa. Siku aliyofanya kazi nusu, msimamizi akaona haijatosha, nayo haikuhesabiwa. Kwa hiyo mwezi wa kibarua ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda, na anayeamua urefu wake ni yule mwenye kalamu.

Mashamba mengi yalikuwa na kambi za kulala, posho ya chakula, na mengine yalikuwa na zahanati. Wenye mashamba walivihesabu vitu hivyo kuwa wema wao. Sisi wanawake tunaliuliza jambo hili kwa upande wa pili: nani alilisha nyumba iliyobaki Buha? Kijana alipoondoka, shamba la muhogo na mahindi lilibaki kwa mama yake na mke wake. Watoto walilelewa nao. Mzee akiugua walimhudumia hao. Na yule kijana aliporudi amechoka au mgonjwa, alipokelewa palepale. Mshahara wa manamba ulikuwa mdogo kwa sababu gharama nyingine za maisha yake zililipwa na wanawake wa kijijini ambao majina yao hayakuwa katika daftari lolote la shamba.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na nyuzi za viwandani zikalipunguza soko la mkonge duniani. Neno manamba limebaki. Hata leo ukimdharau mfanyakazi atakuuliza, "Kwani mimi manamba wako?"

NYUMBA NZURI ZA ULAYA, CHIKICHI ZA KONGO

Sasa tuje kwenye mchikichi, mti ambao kila mmoja wetu anaujua tangu utoto.

Huko Uingereza alikuwapo mfanyabiashara William Lever, aliyezaliwa mwaka 1851. Alitengeneza sabuni iliyoitwa Sunlight, akatajirika. Mwaka 1888 alianza kujenga kijiji cha wafanyakazi wake, Port Sunlight, chenye nyumba imara, bustani, shule na baadaye hata jumba la sanaa. Mpaka leo wanaofundisha uongozi wa biashara humtaja kama mfano wa tajiri aliyejali watu. Na kweli, ukilinganisha na viwanda vingine vya Uingereza wakati ule, watu wake walikaa vizuri.

Lakini sabuni inataka mafuta. Mwaka 1911 Lever alifunga mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki ya kuchagua ardhi ya michikichi huko Kongo, mpaka hekta 750,000, katika maeneo matano. Katika mkataba huo kampuni yake ilitakiwa kujenga shule na hospitali. Kituo chake kikuu kiliitwa Leverville, mahali panapoitwa leo Lusanga, upande wa magharibi wa Kongo, mbali sana na ng'ambo yetu ya ziwa. Shule zilijengwa, hospitali zilijengwa. Yule aliyeandika mkataba angeweza kusema wajibu kwa jamii umetimizwa.

Tatizo lilikuwa kwenye mchikichi wenyewe. Anayejua kazi ya kukwea mchikichi na panga kiunoni anajua kwamba mtu haifanyi kwa bei ya kutupwa kama ana njia nyingine. Basi watu walitafutiwa sababu ya kuikubali. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, maofisa wa serikali walisaidia kuwasukuma watu waende kukata, na ndani ya maeneo yale mnunuzi alikuwa mmoja, kampuni. Uchumi wa dunia ulipoanguka, kuanzia mwaka 1929, bei ya chikichi ilishushwa sana lakini kodi haikushushwa. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliinuka. Ofisa mmoja wa Kibelgiji aliuawa, na jeshi likajibu kwa risasi. Waliokufa upande wa Wapende walizidi 500.

Lever mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1925. Kampuni yake iliungana na nyingine, ikazaliwa Unilever, jina tunaloliona mpaka leo kwenye sabuni. Mashamba yale ya Kongo iliyauza mwaka 2009.

Hatusimulii haya ili kuikejeli hospitali. Mgonjwa akitibiwa amepona, hata kama fedha zilitoka kwa nani. Tunasema hivi: tajiri yuleyule mmoja alijenga nyumba zenye bustani huku, na kule kampuni yake ikanunua chikichi kwa bei iliyowaasisha watu. Ukimpima kwa zawadi, ni mwema. Ukimpima kwenye mizani ya chikichi, jibu ni lingine. Na mkwezi wa mchikichi alikutana na kampuni kila siku kwenye mizani, hospitalini alikwenda siku ya kuugua tu.

NJUGU ZILIZOKATAA KUOTA

Wapo watakaosema, haya ni mambo ya ukatili, na sisi hatuna ukatili. Basi tutazame kosa la aina nyingine, kosa la mipango. Nalo liligusa reli yetu hiihii.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipendekeza kulima karanga Tanganyika kwa matrekta. Wataalamu walitumwa, wakazunguka kwa wiki chache, wengi wa mwendo wao ukiwa kwa ndege, wakarudi na mpango wa zaidi ya eka milioni tatu. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, kisha ikafuata Nachingwea, na Urambo ambayo ipo kwenye reli kati ya Tabora na Kigoma.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Vifaru vya vita vilibadilishwa kuwa matrekta. Lakini mizizi ya vichaka na mibuyu ya Kongwa ilivunja majembe. Udongo wake wa mfinyanzi, jua likiwaka, uligeuka kama saruji na karanga hazikung'oleka. Mvua ya Ugogo haina ahadi, jambo ambalo Mgogo yeyote angelieleza bila malipo. Bandari na reli havikuweza kupitisha mizigo yote. Kila taarifa mbaya iliyotoka shambani ilikutana na wakubwa waliokwisha kuahidi bungeni. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36.

Viongozi wa mpango ule hawakuwa wajinga, na wengi wao walikuwa na nia njema: Mwingereza apate mafuta, Mtanganyika apate kazi na maendeleo. Kilichokosekana ni mlango wa kupokea habari kutoka chini. Anayejua udongo hakuulizwa, na anayeulizwa hakuujua udongo. Hilo ni jambo la uongozi kabla halijawa la kilimo. Katika kikundi chetu mwanachama wa hisa moja ana haki ya kusimama na kusema "hesabu hii siielewi", na mkutano unasimama mpaka aelewe. Wageni wengine huona tunapoteza muda. Kongwa ilipoteza zaidi.

WAPIMAJI WA MWANZA

Sasa tuwageukie waliofanya vizuri, maana historia si malalamiko peke yake.

Katika Kanda ya Ziwa Victoria, wakulima wa pamba walikuwa na shida tunayoijua sote. Walipeleka pamba kwa mnunuzi, mnunuzi akaipima kwa mizani yake, akasoma yeye, akaandika yeye. Mkulima hakuwa na la kusema isipokuwa kunung'unika njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza jambo dogo sana. Waliweka wapimaji wao. Mkulima kabla ya kwenda kwa mnunuzi alipima pamba yake kwa mizani ya wakulima, akapewa uzito wake. Akifika kwa mnunuzi, anazo kilo zake kichwani. Mnunuzi akisoma pungufu, anaulizwa.

Kutokana na mizani hizo ukakua ushirika. Kijana mmoja aliyeuongoza alikuwa Paul Bomani (1925–2005), ambaye baada ya Uhuru alikuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1955 vyama vya msingi na vyama vyao vikuu viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na kabla ya muongo ule kwisha chama hicho kilikuwa kinanunua pamba yote ya kanda na kuendesha vinu vyake vya kuchambulia. Ukawa mmoja wa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Haukuanza kwa mkopo wa benki wala kwa mfadhili. Ulianza kwa mtu kusimama pembeni ya mizani na kusema: "Tupime tena."

Ingekuwa raha kuishia hapo. Lakini mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini. Kamati ilikuta malalamiko mengi: gharama za uendeshaji zilizopanda, wizi, ajira za kujuana, na wanachama wasiojua chama chao kinafanya nini. Serikali iliingilia kati uongozi wa chama kile cha Mwanza, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza Co-operative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vilivunjwa, na vilirudishwa katika miaka ya 1980.

Ndugu zetu, hapa ndipo tunapoombwa tusome polepole. Mizani ilikuwa imetoka kwa mnunuzi mgeni ikaja kwa wakulima wenyewe. Miaka kumi na kitu baadaye mkulima alisimama tena mbele ya karani akinung'unika, na safari hii karani alikuwa wa chama chake. Kumbe kuwa na mizani yenu haitoshi. Lazima awepo mtu wa kusema "tupime tena" hata pale mwenye mizani ni ndugu yako.

ZAWADI NA KILO

Siku hizi wajibu wa kampuni kwa jamii umeingia mpaka kwenye sheria. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali pale. Ni hatua njema, maana zamani kampuni ilijichagulia yenyewe impe nani na nini. Lakini hata sheria nzuri inaweza kumaliza kazi yake kwenye madawati.

Tuchukue hesabu ya mfano, ya kijijini. Mama ana magunia 25 ya chikichi, kila moja kilo 50. Mizani ya mnunuzi inaficha kilo 2 kwa kila gunia. Kwa macho huoni. Mwisho wa siku zimepotea kilo 50, yaani gunia zima. Mnunuzi huyo akija Desemba na kilo mbili za sukari na kanga, tutampigia makofi, tutamwimbia. Amerudisha sehemu ndogo ya gunia letu na tumemwita mfadhili.

Wanaouza mafuta wanajua mchezo wa madumu. Miaka iliyopita alikuwapo mnunuzi aliyekuja na madumu yake, yaliyovimbishwa kwa maji ya moto mpaka yakatuna. Yaliitwa ya lita 20, na kila aliyemimina aliona mafuta yanazidi kuingia. Hatumtaji, na pengine amekwisha kuacha. Tunamkumbusha hapa kwa sababu kesho dumu litakuwa letu.

MASHINE IKIJA

Basi, wanachama wenzetu, hatuandiki makala hii kuwaambia mpige kura gani. Wapo wanaoitaka mashine, na sababu zao ni nzito. Kukamua kwa miguu na kwa pipa kunamaliza nguvu za mama na mafuta mengi yanabaki kwenye makapi. Tangu mwaka 2018, Serikali ilipoanza kampeni ya kufufua michikichi mkoani kwetu, miche ya tenera kutoka Kihinga imepandwa, na tenera ina nyama nyingi na kokwa jembamba kuliko dura yetu ya zamani. Chikichi zitaongezeka. Mtu atakamua, kama si sisi ni mwingine. Wapo pia wanaoogopa deni, na woga wao si wa kuchekwa.

Sisi tunaomba jambo moja: kura ya mashine ipigwe pamoja na kura ya kanuni za mashine, siku ileile. Mashine ikishafungwa na deni limeanza kudai, kila kanuni itaonekana ghali. Mezani tunaweka hizi:

Mizani itundikwe nje, mahali muuzaji anaposoma mwenyewe. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa shule.

Bei ya siku iandikwe ubaoni kabla ya gunia la kwanza kupimwa, na iwe moja kwa mwanachama na asiye mwanachama. Faida ya mwanachama ataipata kwenye mgao.

Wapimaji wachaguliwe na mkutano, wasiwe mwenyekiti, katibu wala mweka hazina, na wabadilishwe kila msimu. Muuzaji yeyote akisema "tupime tena", ipimwe bila kununiwa.

Malipo yatolewe siku ileile. Mama aliyeleta chikichi asigeuzwe kuwa mkopeshaji wetu bila riba.

Tuamue mapema mise ni ya nani. Atakayetuletea chikichi kukamuliwa kwa malipo, arudishiwe mise yake, kwa kuwa ni mafuta na ni sabuni. Zipo mashine zinazobaki na mise kimyakimya, na faida yake kubwa iko hapohapo.

Maji machafu ya kukamulia yachimbiwe shimo. Yasielekezwe mtoni, wanakochota watu ambao hawana hisa hata moja.

Kuhusu mfuko wa jamii, uendelee kama ulivyo kwa msiba, ugonjwa na uzazi. Na kama faida itaruhusu dawati la shule, tutafurahi kulitoa. Ila lije baada ya kilo kamili.

Tunajua kanuni hizi zina gharama. Mnunuzi wa kilo kamili anapata faida ndogo kwa gunia, na deni la mashine litachukua muda mrefu zaidi kulipika. Mwanachama anayetegemea mgao wa kulipia ada ya mtoto ana haki ya kuuliza kwa nini yeye asubiri ili jirani asiye mwanachama apimiwe vizuri. Swali hilo ni la kweli, na mkutano ulijibu mbele yake. Jibu letu ni kwamba jirani huyo ndiye mali ghafi yetu. Akipimiwa kilo kamili ataleta na msimu ujao, na ataleta na shemeji yake. Akipunjwa, atatembea mpaka kwa mwingine, kama sisi tulivyokuwa tukitembea.

Bibi zetu waliolima Buha wakati waume zao wako kwenye mkonge hawakuandikwa katika daftari la kampuni yoyote. Sisi tuna daftari letu, tunaliandika wenyewe, na sasa huenda tukawa na mizani. Tukutane kwenye mkutano mkuu, kila mwanachama aje na maoni yake, na wafadhili wetu wa hapa kijijini mnakaribishwa kusikiliza. Hongera kwa miaka kumi, akina mama. Umoja wetu udumu.